Mnara wa Pisa: dawa ilikuwa chini ya upande uliosahaulika

Tarehe 17 Machi 1989, katika mji wa Pavia kaskazini mwa Italia, mnara wa kale wa mji uliporomoka na kuua watu wanne. Haukuwa mnara wenye sifa ya kuinama. Ulisimama kwa karne nyingi, watu wakipita chini yake kila siku, kisha asubuhi moja ukageuka kifusi bila kuaga.

Serikali ya Italia ilikuwa na mnara mwingine uliokuwa ukiitia hofu kwa muda mrefu. Kama ule wa Pavia umeanguka hivihivi, wa Pisa, ulioinama nyuzi 5.5 na kuzidi kuinama kila mwaka, ungesubiri nini? Januari 1990 mnara wa Pisa ulifungwa. Mwaka huohuo ikaundwa tume chini ya Michele Jamiolkowski, profesa wa uhandisi wa udongo mjini Torino. Ilihesabiwa kuwa tume ya 17 kupewa kazi ya kushughulikia mnara huo. Walikuwemo John Burland wa Imperial College ya London na Carlo Viggiani wa Napoli, mabingwa wa misingi na udongo, na pamoja nao wahandisi wa majengo, wanahistoria wa sanaa na wakarabati wa majengo ya kale. Kuwaweka watu wa aina hiyo katika chumba kimoja na kutarajia wakubaliane ni kazi inayohitaji tume yake.

Kisa hiki hupenda kusimuliwa kama ushindi wa sayansi. Ushindi ulikuwepo, sikatai. Lakini ukikifuatilia kwa mpangilio wa miaka unaona jambo la kutisha: kwa zaidi ya miaka 150, karibu kila mkono uliougusa msingi wa mnara kwa nia ya kuutibu uliuzidishia maradhi. Hata tume hii iliyouokoa ilikaribia kuuangusha kwa mikono yake yenyewe. Kwa hiyo ninaloliuliza ni hili: kwa nini kila dawa ilidhuru, na hii ya mwisho ilikuwa na nini tofauti?

Mgonjwa na kitanda chake

Ujenzi ulianza 1173, mwaka mmoja baada ya mjane aitwaye Berta di Bernardo kuacha wosia wa soldi 60 za kununulia mawe ya mnara wa kengele wa kanisa kuu. Mnara una orofa 8, urefu wa karibu mita 58 ukipima kuanzia kitako cha msingi, na uzito unaokadiriwa kuwa tani 14,500. Mzigo wote huo umekalia duara lenye kipenyo cha mita 19.6 tu.

Kwa macho ni marumaru tupu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti: marumaru ni ganda la nje na ganda la ndani, na kati yake umejazwa kokoto na mawe yaliyofungwa kwa chokaa. Ndani ya ukuta huohuo zinapanda ngazi za kuzunguka, na kila zinapopita huacha uwazi. Mnara ukiinamia kusini, mzigo unahamia kwenye ganda la kusini, hasa pale orofa ya kwanza inapokutana na ya pili. Ukuta wa namna hii una tabia mbaya, kwamba hauonyi. Haupindi polepole ukampa mtu nafasi ya kukimbia. Hupasuka mara moja, na ndicho kilichotokea Pavia.

Basi tume ilikuwa na hatari mbili mkononi. Mnara ungeweza kuvunjika kiunoni kwa sababu ya ukuta wake, au kung'oka na kuanguka mzima kwa sababu ya udongo. Ukiishughulikia moja kwa pupa, unaichochea nyingine.

Sasa kitanda. Mita 10 za juu ni matope na mchanga mwembamba vilivyoachwa na mito na bahari ya kale. Chini yake kuna udongo wa mfinyanzi unaoshuka hadi kina cha mita 40 hivi, na sehemu yake ya juu ni laini mno. Baada ya hapo ndipo unapokuta mchanga ulioshikamana. Maji ya ardhini yako mita moja au mbili tu chini ya nyasi. Wapimaji walipochunguza uso wa ule mfinyanzi chini ya mnara waliukuta umebonyea kama bakuli. Mnara ulikuwa umezama kwa wastani wa mita 3 hivi. Mtu anapoinua macho kushangaa mnara ulivyoinama, hana habari kwamba umezama pia.

Tabaka la juu upande wa kusini ni laini kidogo kuliko kaskazini, na maelezo mengi huishia hapo. Mchango mkubwa wa Burland ulikuwa kuonyesha kwamba hilo peke yake halitoshi. Chukua godoro laini, panga juu yake vibao vya mbao kimoja juu ya kingine. Hadi kimo fulani vitasimama, hata godoro likiwa na kasoro. Ukipita kimo hicho, mwinamo mdogo kabisa unasogeza uzito upande mmoja, upande huo unabonyea zaidi, uzito unazidi kusogea, na hapo hakuna nguvu ya udongo ya kuvirudisha. Pisa ilijenga mnara uliofikia kimo hicho juu ya godoro hilo. Hata udongo ungekuwa sawasawa pande zote, bado ungeinama, labda kuelekea upande mwingine. Minara ya kengele ya San Nicola na San Michele degli Scalzi, mjini humohumo, nayo imeinama, ila haina watalii wa kuinyooshea mikono wapigwe picha.

Waashi walijua mapema

Karibu 1178 ujenzi ulisimama mnara ukiwa umevuka orofa ya tatu. Ukalala karibu miaka 100. Ulipoendelezwa 1272 chini ya Giovanni di Simone ulikuwa umeinama kidogo sana, tena kuelekea kaskazini. Kadiri orofa zilivyoongezeka ulijirudi, ukapita katikati na kuanza kwenda kusini. Ujenzi ukasimama tena 1278, mnara ukiwa umefika orofa ya saba. Chumba cha kengele juu kabisa kilimalizwa katika karne ya 14, kati ya 1360 na 1370 hivi.

Kusimama huku kulitokana na vita na misukosuko ya siasa za Pisa, wala hakuna mwashi aliyeshauri ardhi ipumzishwe. Ila kihandisi ndiko kulikouokoa mnara. Udongo wa mfinyanzi ukibebeshwa mzigo huhitaji miaka mingi kukamua maji yake taratibu na kuwa mgumu. Hesabu za tume zilionyesha kwamba kama waashi wa kwanza wangeendelea kupanda bila kusita, udongo ungeshindwa na mnara ungeanguka kabla haujamalizwa. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini katika Pisa ndiyo iliyotia udongo nguvu.

Na waashi hawakuwa vipofu. Kila walipoona timazi linawasuta, walichonga mawe yawe manene upande mmoja na membamba upande wa pili ili orofa inayofuata ikae sawa na timazi. Ndiyo maana mnara haukunyooka hata kwa nafsi yake, bali umejikunja kama ndizi. Kwa Burland mkunjo huo ulikuwa hazina. Alipima unene wa mawe ya kila safu na kukadiria mnara ulikuwa umeinama kiasi gani kila safu ilipowekwa. Hakuna kumbukumbu ya maandishi iliyoweza kumpa habari hizo. Marumaru ilimpa historia ya ugonjwa tangu utotoni, na kwa historia hiyo akaweza kuupima mfano wake wa kompyuta: kama mfano hauwezi kuurudia mwenendo wa miaka 800 iliyopita, hauaminiki kutabiri wa mwaka ujao.

Mfano huo ulipojaribiwa ulitoa jibu ambalo lingemnyima usingizi mtu yeyote. Ilikuwa kazi kubwa kuufanya mnara usimame kwenye kompyuta ukiwa na mwinamo wa nyuzi 5.5. Ukikaribia hapo, ulianguka. Mnara halisi ulikuwa hapohapo.

Dawa zilizoumiza

Mwaka 1838 Alessandro Gherardesca, mbunifu wa majengo, aliona aibu kwamba vitako vya nguzo za chini vimezama ardhini na watu hawavioni. Akachimba njia ya duara kuuzunguka mnara ili vionekane. Nia ilikuwa njema, ya mtu anayependa urembo. Lakini upande wa kusini alichimba chini ya kiwango cha maji ya ardhini, maji yakafurika, na udongo ulioushika msingi ukalegea. Tunajua madhara yake kwa sababu Waingereza wawili, Edward Cresy na G. L. Taylor, walikuwa wameupima mnara 1817, na Mfaransa Rohault de Fleury akaupima tena 1859. Kati ya vipimo hivyo viwili mwinamo uliongezeka kwa kiasi ambacho mwendo wa kawaida wa mnara hauwezi kukieleza.

Zamu iliyofuata ilikuwa ya saruji. Mwaka 1934, zama za Mussolini, mashimo 361 yalitobolewa kwenye msingi na makumi ya tani za saruji zikasukumwa ndani ili kuuimarisha na kuzuia maji yasiingie kwenye ile njia ya duara. Mnara ulijibu kwa kuruka kwenda kusini. Unatoboa msingi ambao uko ukingoni, unasukuma majimaji yenye shinikizo ndani yake, kisha unashangaa umesogea.

Baadaye, katika miaka ya 1970, hata bila mtu kuugusa, uvutaji wa maji kutoka kwenye mchanga wa chini kabisa ulishusha ardhi ya eneo zima na mnara ukaongeza mwendo. Visima vilipodhibitiwa ukapoa.

Angalia kinachofanana katika tiba hizo. Kila mtu alishughulika na dalili aliyoiona: kitako kilichozikwa, maji yanayoingia, msingi unaodhaniwa dhaifu. Na kila mtu aliutazama upande wa kusini kana kwamba upande ulioinamia ndio pekee wenye ugonjwa. Upande wa kaskazini haukuwa na mwenyewe.

Upande wa kaskazini waanza kusemwa

Kufikia 1990 mwinamo ulikuwa ukiongezeka kwa sekunde 6 hivi kwa mwaka. (Uzi mmoja una sekunde 3,600, kwa hiyo tunazungumzia mwendo ambao kule juu ni milimita 1.5 kwa mwaka.) Kidogo, ndiyo. Lakini mwendo huo ulikuwa umeongezeka maradufu tangu miaka ya 1930.

Wote walidhani ukingo wa kusini unazama. Burland na wenzake walipopitia vipimo vya miaka mingi, vile vya timazi refu lililotundikwa ndani ya mnara na vile vya usawa wa kitako chake, waligundua picha nyingine. Msingi ulikuwa ukizunguka, na ukingo wa kaskazini ulikuwa ukinyanyuka. Sababu yake walikuja kuihusisha na mvua. Kila msimu wa mvua maji ya ardhini yalipanda, na yalipanda zaidi upande wa kaskazini, yakiusukuma mnara kusini kidogo. Maji yaliposhuka, haukurudi wote. Mwaka baada ya mwaka, kama mtu anayepandisha jeki jino moja moja.

Kwangu mimi hapa ndipo kisa kilipogeukia. Baada ya ugunduzi huu lile wazo la kushangaza likawa na mantiki: kama kaskazini kunanyanyuka, kaweke uzito huko. Kwa karne nzima hakuna mhandisi ambaye angekubali kuuongezea mzigo mnara unaozama.

Kwanza walifunga kiuno. Mwaka 1992 nyaya za chuma zilizovikwa plastiki zilizungushwa kwenye orofa za chini ili ukuta ukilegea usipasuke. Kisha 1993 pete ya zege ikamwagwa kuzunguka kitako na juu yake, upande wa kaskazini, yakapangwa taratibu mapande ya madini ya risasi hadi tani 600. Mnara ukasita. Kisha ukarudi nyuma, kwa sekunde 50 hivi. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia yake kwa kazi ya binadamu kuusogeza upande unaotakiwa.

Mapande yale yalikuwa mabaya kutazama. Rundo la madini ya kijivu limekaa juu ya nyasi za Piazza dei Miracoli, uwanja uliosimama mnara, kando ya marumaru nyeupe, mahali ambapo UNESCO ilikuwa imepaorodhesha katika urithi wa dunia mwaka 1987. Wahifadhi walilalamika, na walikuwa na haki. Lakini ubaya ule ulikuwa na sifa moja ambayo hakuna tiba nyingine iliyowahi kuwa nayo: ungeweza kuuondoa kesho asubuhi, mnara ukabaki kama ulivyokuwa. Ile saruji ya 1934 hakuna awezaye kuinyonya tena.

Septemba ya 1995

Malalamiko yalikuwa na uzito, nayo tume ikaanza kutafuta namna ya kuondoa risasi. Mpango ulikuwa kuchimbia nanga 10 ardhini, kina cha mita 45 hivi, zivute kitako cha kaskazini kuelekea chini badala ya mapande yale. Nanga zingefungwa kwenye pete ya pili ya zege iliyofichwa chini ya njia ya Gherardesca. Kuchimba huko ni kuchimba chini ya maji, kwa hiyo wakaamua kuigandisha ardhi kwa naitrojeni ya kimiminika, kipande kwa kipande, ili maji yasiingie.

Upande wa kaskazini kazi ilikwenda. Walipogeukia upande wa kusini, Septemba 1995, mnara ulianza kuondoka. Ulikuwa ukienda kwa mwendo wa sekunde 4 kwa siku, mnara uliozoea sekunde 6 kwa mwaka mzima. Maji yakiganda hutanuka, yakiyeyuka huacha udongo umelegea, na chini ya ukingo wa kusini hapakuwa na nafasi ya mzaha hata wa milimita. Tena katika kuchimba walikutana na kitu ambacho hawakukitarajia: tabaka nene la zege la enzi zilizopita, limeshikamana na msingi wenyewe. Ukilikata, unakata sehemu ya mguu ambao mnara unausimamia.

Ugandishaji ulisimamishwa papo hapo. Wakakimbilia risasi: mapande zaidi yalirundikwa kaskazini hadi jumla ikakaribia tani 900, ndipo mnara ukatulia.

Tume ingeweza kulieleza tukio hili kama bahati mbaya. Naona lilikuwa zaidi ya hapo. Tiba ya kwanza ilifaulu kwa sababu iliheshimu walichokuwa wamekigundua. Katika tiba ya pili walikubali kusukumwa na sura ya mahali kuliko tabia ya udongo, wakarudi kulekule kwa Gherardesca: kuchimba kusini, chini ya maji, kwa sababu ya macho ya watu.

Mambo ya serikali nayo hayakuwa shwari. Tume iliendeshwa kwa amri ya serikali, na kwa katiba ya Italia amri ya namna hiyo hufa bunge lisipoipitisha ndani ya siku 60. Mwishoni mwa 1996 tume ikajikuta haina uhai kisheria. Septemba 1997 tetemeko likapiga Assisi na kubomoa sehemu ya dari ya kanisa la Mtakatifu Fransisko. Woga ule ulitosha kuirudisha kazini.

Kijiko kwa kijiko

Wazo la mwisho halikuwa jipya. Mwaka 1962 mhandisi Fernando Terracina alipendekeza kwamba, badala ya kuuzuia mnara kusini, uchotwe udongo kidogo kidogo chini ya upande wa kaskazini ili ukingo huo ushuke wenyewe. Dawa ya moto ni moto: kilichouinamisha mnara ni kuzama, basi na uponywe kwa kuzama. Njia kama hiyo ilikuwa imetumika katika kanisa kuu la Mexico City, lililokuwa likizama kwa namna isiyo sawa juu ya udongo wa ziwa la kale.

Kulipokea wazo hili haikuwa rahisi. Mwambie mtu kwamba mnara unaokaribia kuanguka utaokolewa kwa kuchimbua chini yake, uone atakavyokutazama. Njia nyingine zilijaribiwa au kupimwa kwanza, mojawapo ikiwa kupitisha umeme ardhini ili kuukamua maji udongo wa kaskazini. Umeme ulipita vizuri kupita kiasi, udongo ukabaki kama ulivyo.

Majaribio ya kuchota udongo yalianza kwa mifano midogo ya maabara huko London, yakaendelea kwenye kompyuta, kisha kwenye msingi wa majaribio wa kipenyo cha mita 7 uliojengwa hukohuko uwanjani Pisa, mbali na mnara. Kutoka hapo ulipatikana ugunduzi ulioamua kila kitu: chini ya msingi kuna mstari usioonekana. Ukichota kaskazini mwa mstari huo, mnara unarudi kaskazini, hata ukiwa umesimama pabaya vipi. Ukivuka mstari ukaelekea katikati, unauangusha. Tiba na kifo vimetenganishwa na hatua chache za udongo.

Kabla ya kugusa chochote, mwishoni mwa 1998 waliufunga mnara kwa nyaya mbili ndefu za chuma kwenye kimo cha orofa ya tatu, zikapita juu ya uwanja hadi kwenye nanga nyuma ya majengo ya kaskazini. Ziliitwa kanda za suruali za mnara, kwa jinsi zilivyofanana na zile za kuvaa mabegani. Zilikuwa za dharura tu. Wangezivuta endapo mnara ungefanya ulivyofanya 1995.

Februari 1999 kazi ikaanza kwa matundu 12. Kila tundu lilikuwa na bomba la chuma lililoingizwa kwa mshazari, na ndani yake kekee yenye umbo la parafujo iliyotoka na kiasi kidogo tu cha udongo. Pango dogo linalobaki hujifunga lenyewe kwa uzito wa juu, na ardhi inashuka kwa kiasi hicho. Siku za kwanza mnara haukuonyesha lolote la maana, na nadhani siku hizo zilikuwa ndefu kuliko miaka tisa iliyotangulia. Halafu ukaanza kurudi. Kufikia Juni ulikuwa umerudi sekunde 90, na uliendelea kutulia kwa miezi kadhaa baada ya kekee kunyamaza, ukafika 130.

Mafanikio hayo yaliwapa ruhusa ya kuendelea. Kuanzia Februari 2000 matundu 41 yalipangwa kwenye ukingo wote wa kaskazini, nusu mita kati ya tundu na tundu. Kila siku vipimo vilitumwa kwa faksi kwa Burland, naye akarudisha maagizo ya siku inayofuata: tundu lipi, kiasi gani, au leo msichote kitu. Mnara haukurudi katika mstari ulionyooka. Uliyumba mashariki na magharibi, nao wakawa wanaurekebisha kwa kuchagua tundu la upande huu au ule, kama nahodha anayegusa usukani kidogo kidogo. Wakati huohuo mapande ya risasi yakawa yanaondolewa, pande moja moja.

Kazi ilimalizika Juni 2001. Jumla ya udongo uliotoka ni meta za ujazo 38 hivi. Ukiulinganisha na tani 14,500 zilizokaa juu yake, ni kama kijiko. Mwinamo ulipungua kwa nusu uzi, kutoka 5.5 hadi karibu 5, na kilele kilirudi kaskazini kwa sentimita 40 na kitu. Kwa kipimo hicho mnara ulirudi mahali ulipokuwa mwanzoni mwa karne ya 19, kabla Gherardesca hajaleta jembe.

Ile zege ya zamani waliyoikuta mwaka 1995 haikung'olewa. Waliifunga kwenye msingi sawasawa, ikawa upanuzi wa mguu wa mnara. Na mwaka 2002 waliweka mitaro ya kuyadhibiti maji ya kaskazini ili mvua zisiendelee kuipandisha ile jeki. Kwa maoni yangu hatua hii ya mitaro haisifiwi inavyostahili. Kuchota udongo kuliurudisha mnara nyuma, lakini bila kuyashughulikia maji ungeanza safari upya. Mwaka 2008 Burland alitangaza kwamba mwendo umekoma.

Kwa nini nusu uzi tu?

Wapo wanaouliza: kama waliweza kuurudisha, kwa nini hawakuunyoosha moja kwa moja? Jibu la haraka ni kwamba mnara ulionyooka wa Pisa hakuna anayeutaka. Lipo pia jibu la kihandisi. Nusu uzi ilitosha kupunguza mkandamizo kwenye ganda la kusini kwa asilimia 10 hivi, na kuuweka mnara mbali na ukingo ambao kompyuta ilikuwa ikiuangushia. Kuendelea zaidi kungekuwa kuuchokoza udongo uliokwisha kutulia, na kwa faida gani? Tena kwa jinsi ulivyojikunja, mnara huu hauna namna ya kunyooka. Ukisimamisha kitako wima, kilele kitaegemea kaskazini.

Milango ilifunguliwa tena Desemba 2001, karibu miaka 12 baada ya kufungwa. Mabomba yalikuwa yamekwisha kung'olewa, nyaya ndefu zimeteremshwa, na rundo la risasi halipo. Anayeweka picha ya 1989 kando ya picha ya leo hawezi kuona tofauti kwa macho, na tume ilikusudia iwe hivyo. Tiba ambayo mgeni anaweza kuiona hadi leo ni ya karne ya 14: ukifika juu, kuingia kwenye chumba cha kengele unapanda ngazi 6 upande wa kusini, na upande wa kaskazini 4.